Kutoka Kupangiwa hadi Kujitafutia

Katika sanduku la bati ninamohifadhi vyeti vyangu limo daftari moja la jalada gumu, rangi yake ya bluu imekwisha kufifia. Nililinunua mwezi wa Septemba 1992, nilipokuwa naingia mwaka wa mwisho wa masomo yangu katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kila ukurasa nimeupiga mistari kwa rula na kuugawa sehemu tano: tarehe, barua imekwenda wapi, imepelekwa kwa njia gani, jibu, na hatua inayofuata. Barua zilizoandikwa humo ni 47. Majibu ni 9. Mialiko ya usaili ni 3, na mmoja kati ya hiyo ulinifikia siku ya kumi na moja baada ya usaili wenyewe kufanyika.

Binti yangu alilikuta daftari hilo siku alipokuwa akitafuta cheti chake cha kuzaliwa. Naye alikuwa amemaliza chuo na alikuwa akitafuta kazi. Alilipekua kimya kwa muda, kisha akaniuliza, "Kumbe na wewe ulihangaika, Baba? Mimi nilidhani enzi zenu mtu akimaliza chuo anapewa kazi."

Nilimwambia kwamba anayesema tulipewa kazi anasema kweli, na anayesema tulihangaika naye anasema kweli. Inategemea anamsema nani na anausema mwaka gani. Jibu hilo halikumtosheleza, wala mimi halikunitosheleza. Makala haya ni jibu langu refu. Nilisomea historia, na mtu aliyesomea historia hana budi angalau mara moja kuyapanga mambo ya nyumbani kwake mwenyewe kwa tarehe.

Nianze na mjomba wangu, kaka wa mama, kwa sababu bila yeye hadithi hii haina mwanzo. Mjomba alizaliwa katika milima ya Mbinga, mkoani Ruvuma, na aliingia Mlimani mwaka 1969. Wakati huo chuo kilikuwa bado kichanga. Kilianza Oktoba 1961, wiki chache tu kabla ya uhuru, kikiwa na kitivo kimoja cha sheria na wanafunzi wasiofika 20, tena katika jengo la chama cha TANU mtaa wa Lumumba. Mwaka 1964 kilihamia kwenye kilima cha Ubungo, na tarehe 1 Julai 1970, mjomba akiwa mwanafunzi, kikawa chuo kikuu kamili cha taifa baada ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kugawanywa kati ya nchi tatu.

Ili kuelewa mhitimu wa wakati ule alikuwa mali kiasi gani, inatosha kukumbuka hesabu ambayo Mwalimu Nyerere alipenda kuirudia: kwamba Tanganyika ilipopata uhuru ilikuwa na wahandisi 2 na madaktari 12. Serikali ikajiwekea lengo kwamba ifikapo mwaka 1980 nchi ijitosheleze kwa wataalamu wake yenyewe. Kila nafasi chuoni ilihesabiwa kwa kuangalia kazi iliyokuwa ikisubiri mtu. Kwa hiyo mwanafunzi hakutafuta kazi. Kazi ndiyo iliyomtafuta mwanafunzi.

Lakini kupewa huko kulikuwa na deni lake. Mwalimu aliwafananisha wasomi na mtu aliyepewa chakula chote kilichobakia katika kijiji chenye njaa, ili apate nguvu za kwenda mbali kukiletea kijiji chakula. Akila na asirudi, huyo ni msaliti. Mfano huu tuliukuta bado ukisimuliwa hata sisi tuliokuja miaka mingi baadaye. Wa kwanza kuonja ukali wake walikuwa wanafunzi wa mwaka 1966. Serikali ilipotangaza kwamba wasomi nao wataingia Jeshi la Kujenga Taifa kwa miaka miwili, sehemu kubwa ya muda huo wakiwa makazini mwao na huku wakikatwa mshahara, waliandamana tarehe 22 Oktoba hadi Ikulu. Bango moja lilidai kwamba afadhali wakati wa ukoloni. Mwalimu aliwasikiliza, akakasirika, akawarudisha makwao wapatao 400. Na siku hiyo hiyo akatangaza kuupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Miezi mitatu na nusu baadaye likaja Azimio la Arusha.

Mjomba aliingia chuoni wakati kumbukumbu ya tukio hilo ilikuwa bado ya moto, na hakuna aliyekuwa na hamu ya kubishana juu ya atakakopelekwa. Alinisimulia kwamba katika mwaka wa mwisho alijaza fomu. Ndani ya fomu kulikuwa na mahali pa kutaja kazi unazopendelea, naye akaandika Dar es Salaam, kisha Morogoro, kisha Songea. Barua ilipokuja ilisema Sumbawanga.

"Sikuwa naijua Sumbawanga hata kwenye ramani," aliniambia. "Nilichojua ni kwamba ni mbali na kwamba watu wanasema kuna radi."

Reli ya TAZARA ilikuwa bado inajengwa. Alikwenda kwa basi hadi Mbeya, na kutoka hapo akapanda lori lililobeba chumvi na saruji. Alifika na sanduku moja, akakuta nyumba ya serikali yenye kitanda, meza na kiti, na watu waliomwita "Bwana" kabla hajafungua mdomo. Mshahara ulianza kuingia mwezi uliofuata. Aliposimulia hayo alikuwa akicheka, lakini alikuwa na neno moja ambalo alilirudia kila mara, nalo ni "kupangiwa". Alipangiwa Sumbawanga, akapangiwa Tabora, kisha akapangiwa Dar es Salaam katika shirika moja la umma. Alimwoa shangazi yako fulani, alisema kwa utani, peke yake bila kupangiwa.

Nasimulia haya kwa sababu mimi nilikua nikiamini kwamba hiyo ndiyo njia, na kwamba iko pale daima kama barabara ya Makambako kwenda Songea. Mama yangu aliuza kahawa ili nisome, na kila alipoona nimechoka na masomo alinitajia jina la kaka yake. Hakuniambia nisome ili nitafute kazi. Aliniambia nisome nipate kazi, na maneno hayo mawili kijijini kwetu yalikuwa kitu kimoja.

Dalili za mabadiliko zilikuwapo, nasi hatukuzisoma. Katika miaka ya 1980 mshahara wa mjomba ulikuwa haumfikishi katikati ya mwezi. Nilipokwenda kumtembelea nyumbani kwake Dar es Salaam kwa mara ya kwanza nilishangaa kumkuta, yeye mwenye shahada, anahesabu mayai ya kuku wa kizungu kabla ya kwenda ofisini. Hakuwa peke yake. Hata walimu wetu wa chuo kikuu walifuga kuku na nguruwe nyuma ya nyumba zao, na hakuna aliyeona aibu. Mwaka 1986 serikali ilitiliana mkataba na Shirika la Fedha la Kimataifa, na tangu hapo maneno mapya yakaanza kusikika redioni: kubana matumizi, kupunguza wafanyakazi, kurekebisha mashirika.

Mimi niliingia Mlimani mwaka 1989 baada ya kumaliza mwaka wangu wa JKT kwa mujibu wa sheria katika kambi ya Mafinga. Mei 1990 chuo kikafungwa kwa sababu ya mgogoro kati ya wanafunzi na serikali, tukarudishwa makwetu. Nilipalilia kahawa ya mama kwa miezi ipatayo minane nikidhani kwamba masomo yamekwisha. Chuo kilipofunguliwa mwanzoni mwa mwaka 1991 tulirudi tukiwa wapole, na tulirudi katika nchi iliyokuwa inabadilika kila wiki. Mwaka huo ilipitishwa sheria ya kuruhusu mabenki ya watu binafsi. Mwaka 1992 ulirudi mfumo wa vyama vingi, ikaundwa tume ya kurekebisha mashirika ya umma, ambayo yalikuwa yapata 400, na ukaanza utaratibu wa wanafunzi wa vyuo vikuu kuchangia gharama za masomo.

Hakuna siku tuliyoitwa Ukumbi wa Nkrumah tukatangaziwa kwamba kupangiwa kazi kumekwisha. Jambo hilo lilitufikia kama habari za msiba wa mbali, vipande vipande. Tuliwaona waliotutangulia wakirudi chuoni kuomba kulala chini katika vyumba vyetu. Walikuja na bahasha za kaki kwapani, wakiondoka asubuhi na kurudi jioni na viatu vyenye vumbi. Wenzetu waliosomea ualimu na udaktari bado walikuwa na matumaini ya kupangiwa. Sisi wa historia na siasa, ambao kwa miaka thelathini serikali ndiyo iliyokuwa mwajiri wetu, tulitazamana.

Hapo ndipo niliponunua daftari.

Nataka kueleza kwa makini kazi ya kutafuta kazi ilikuwaje, kwa maana vijana wa leo wenye simu wanaweza kudhani ni jambo la kubofya tu, na wazee wa enzi za mjomba wanaweza kudhani ni uvivu wa mtu asiyejituma.

Kwanza ni tangazo. Nafasi za kazi zilitangazwa hasa katika Daily News na Uhuru, na baadaye katika magazeti mapya ya watu binafsi yaliyoanza kuchipuka. Kununua gazeti kila siku sikuweza. Posho yangu ilikuwa na mahesabu mengine. Nilikwenda chumba cha magazeti katika maktaba kila asubuhi ilipofunguliwa. Mara nyingi nilikuta gazeti lina dirisha: mtu amewahi na wembe, amelikata tangazo na kuondoka nalo, si kwa kukosa kalamu ya kunakili bali ili mwingine asilione. Mwanzoni niliwalaani watu hao kwa sauti.

Pili ni barua. Ilibidi ipigwe chapa, kwa maana barua ya mkono ilionekana ni ya mtu asiye makini. Mama mmoja aliyekuwa na mashine yake ya taipu karibu na kituo cha daladala cha Mwenge alinipigia kwa bei ya ukurasa, na bei ya ukurasa mmoja ilikuwa chakula changu cha mchana. Alinifundisha kutumia karatasi ya kaboni nibaki na nakala. Alinifundisha pia jambo ambalo chuo hakikunifundisha, kwamba barua ya maombi si insha. "Mwanangu," aliniambia baada ya kupiga barua yangu ya tatu, "unawaeleza unavyohitaji kazi. Hao wanataka kujua wewe utawafanyia nini." Niliirudia barua hiyo usiku kucha, na ndipo nilipogundua kwamba sijui kujibu. Miaka yote nilikuwa nimeandaliwa kupelekwa mahali. Sikuwahi kuulizwa nina faida gani kwa mtu.

Tatu ni vyeti. Nakala zilitakiwa zithibitishwe kwa mhuri wa mwanasheria, na mhuri una bei yake. Nne ni usafiri: daladala hadi Posta, na kutoka hapo kwa miguu, ofisi hadi ofisi, kwa sababu niligundua kwamba barua iliyopelekwa kwa mkono na kusainiwa katika kitabu cha masjala ilikuwa na maisha marefu kuliko ile iliyotiwa stempu. Na tano, jambo lililonigharimu kuliko yote, ni anwani. Nchini mwetu wakati huo barua haikufika mlangoni mwa mtu. Ilikwenda kwenye sanduku la posta. Mwanafunzi hakuwa na sanduku. Wakati wa muhula nilitumia la chuo, na wakati wa likizo, kwa uangalifu niliouona ni busara, nikaandika sanduku la shule ya msingi ya kijijini kwetu.

Ndivyo mwaliko wangu wa kwanza ulivyopotea. Kampuni moja ya Dar es Salaam iliniita kwenye usaili. Mimi nilikuwa hapo hapo Dar es Salaam, nimelala sebuleni kwa mjomba, mwendo wa nusu saa kutoka ofisi yao. Barua ilisafiri hadi Mbinga, ikakaa katika meza ya mwalimu mkuu hadi alipompata mtoto wa kuipeleka kwa mama, mama akampa kondakta wa basi, naye akaileta. Niliifungua nimesimama kituoni. Nilihesabu siku mara mbili nikidhani nimekosea. Kesho yake nilikwenda kwenye ile kampuni kujieleza, na msichana wa mapokezi, kwa upole kabisa, akaniambia kwamba aliyepata amekwisha kuanza kazi. Katika daftari, kwenye sehemu ya hatua inayofuata, niliandika neno moja: anwani. Tangu siku hiyo barua zangu zote zilibeba sanduku la ofisi ya mjomba.

Mwaliko wa pili niliuwahi. Tulikuwa watu kama 30 kwenye benchi ukumbini, wote tumevaa mashati meupe. Katika ofisi hiyo, ambayo sitaitaja, afisa aliyenisaili alipitia vyeti vyangu haraka, akaviweka kando, akauliza, "Hapa nani anakufahamu?" Nilifikiri anauliza wadhamini, nikamtajia mwalimu wangu. Akatabasamu. "Simaanishi hivyo. Hapa, ofisini hapa." Nikasema hakuna. Alinishukuru kwa kuja. Nikiwa ngazini nilielewa kwamba swali la kweli lilikuwa hilo moja, na kwamba yaliyotangulia yote yalikuwa adabu tu.

Sasa nifikie jambo ambalo nimeliacha kwa muda mrefu bila kulisema. Mwezi wa Februari 1993 niliona tangazo la shirika moja lisilo la kiserikali lililokuwa likishughulika na maji vijijini mikoa ya kusini. Walitaka mhitimu anayejua kufanya mahojiano na wazee na kuandika taarifa. Mimi nilikuwa nimefanya hivyo hivyo likizo iliyopita kwa ajili ya tasnifu yangu juu ya kilimo cha ngolo, yale mashimo ya Wamatengo yanayozuia udongo usimomonyoke milimani. Tangazo lilikuwa limeandikwa kama kwamba wananijua. Rafiki yangu niliyekaa naye chumba kimoja kwa miaka miwili alisomea mambo yale yale na alikuwa akitafuta kama mimi. Tulikuwa na makubaliano: atakayeona tangazo amwambie mwenzake.

Sikumwambia. Sikulikata kwa wembe. Nililinakili kwa mkono, nikalikunja gazeti, nikaliweka chini ya rundo la magazeti ya wiki iliyopita. Jioni aliponiuliza kama kuna lolote, nilisema leo hakuna kitu. Barua hiyo ni namba 41 katika daftari. Ndiyo iliyonipatia kazi.

Rafiki yangu naye alipata kazi, baada ya mwaka na zaidi, na leo hii ni mtu wa heshima zake. Hakuna aliyeharibikiwa. Lakini nimelifikiria tukio hilo kuliko nilivyofikiria mitihani yangu yote, na nimeona kwamba hapo ndipo penye tofauti ya kweli kati ya wakati wa mjomba na wakati wangu. Mjomba na wenzake waliweza kulalamika pamoja, kwa kuwa walilalamika kwa yule yule aliyewapanga. Waliandamana pamoja, walifukuzwa pamoja. Sisi tulinyimana gazeti. Hatukuwa watu wabaya kuliko wao, ila tulikuwa tumewekwa kwenye mlango mwembamba ambao hupita mmoja mmoja.

Nilianza kazi Agosti 1993. Mwaka uliofuata, jioni moja ya Jumamosi, mjomba alikuja chumbani kwangu Sinza bila kunipa taarifa. Halikuwa jambo la kawaida. Mimi ndiye niliyekuwa nikimwendea. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akakaa kitandani kwa sababu kiti kilikuwa na nguo. Alizungumza kuhusu mvua, kuhusu mama, kuhusu bei ya sukari. Mwisho akatoa bahasha mfukoni na kunipa. Shirika lake lilikuwa linapunguza wafanyakazi kabla ya kuuzwa. Alikuwa na umri wa miaka 46, na alikuwa ametumikia miaka 22. Walimpa kiinua mgongo ambacho, kwa hesabu zake mwenyewe, kingetosha mabati ya nyumba lakini si nyumba.

"Nimesikia kuna kampuni inatafuta mtu," alisema. Kisha akanyamaza. "Sasa, hii barua ya kuomba kazi huwa inaandikwaje?"

Nilimtazama. Mtu huyu alikuwa ameandika taarifa za mkoa mzima. Alikuwa ameniandikia mimi barua ya kunitambulisha kwa mwenye nyumba. Lakini katika maisha yake yote hakuwahi kuandika barua ya kuomba kazi hata moja. Nilichukua daftari langu nikamwonyesha. Tukakaa hadi saa tano usiku, mimi nikiuliza na yeye akijibu. Nilipomuuliza, kama yule mama wa Mwenge alivyoniuliza mimi, "Mjomba, utawafanyia nini hao?" alikaa kimya muda mrefu. Kisha akasema, "Mimi hufanya ninachopangiwa, na hukifanya vizuri."

Hatukuandika hivyo, bila shaka. Lakini kwa maoni yangu lilikuwa jibu la mtu mwaminifu, na naliheshimu mpaka leo. Aliyapokea yale makubaliano ya kijiji chenye njaa, akaenda mbali, akaleta chakula miaka 22. Aliporudi akakuta kijiji chenyewe kimevunja mkataba.

Hakuipata kazi ile. Alirudi Mbinga mwaka 1996 akapanda kahawa, akawa katibu wa chama cha msingi cha ushirika, na alifariki akiwa anaheshimika. Hakuwahi kulalamika mbele yangu. Wakati mwingine alisema tu kwamba ninyi vijana mna bahati, mnachagua. Sikubishana naye. Yeye aliona uhuru katika daftari langu, kama mimi nilivyoona usalama katika barua yake ya Sumbawanga.

Nimejiuliza mara nyingi ni mfumo upi uliokuwa wa haki. Kupangiwa kulimnyima mtu sauti, na palikuwa na watu waliooza katika kazi wasizozipenda. Tena mwisho wake mishahara haikumtosha hata aliyepangiwa pazuri. Lakini fomu ile ilikuwa na sifa moja ambayo sitaki isahauliwe. Mtoto wa mkulima wa Mbinga na mtoto wa mkubwa wa Dar es Salaam walijaza karatasi moja, na karatasi hiyo haikuuliza kama una nauli, kama una sanduku la posta, kama una sebule ya kulala mjini. Kujitafutia kunauliza hayo yote kabla hakujauliza shahada. Kama mjomba asingekuwa Dar es Salaam, mimi mwenye shahada ile ile na alama zile zile ningekuwa nimerudi kupalilia kahawa. Nilijitafutia kazi, ndiyo. Lakini nilijitafutia nikiwa nimesimama juu ya mabega ya mtu aliyepangiwa.

Binti yangu leo anaombea kazi kwenye intaneti. Serikali ina Sekretarieti ya Ajira, ambayo chimbuko lake ni sheria ya utumishi wa umma ya mwaka 2002 pamoja na marekebisho ya mwaka 2007, na maombi hupokelewa kwa kompyuta. Hakuna masjala ya kukimbilia, hakuna stempu, hakuna barua ya kuzungushwa hadi Mbinga. Vyuo navyo si kimoja tena, na wanaogombea nafasi chache ni maelfu. Amenionyesha jinsi anavyojaza: taarifa zake, vyeti, wadhamini. Mashine humjibu papo hapo kwamba ombi lake limepokelewa. Baada ya hapo, kimya. Nilimwambia kwamba kimya hicho nakijua.

Nilimpa daftari. Nilidhani atacheka, lakini alinunua la kwake, akalipiga mistari mitano. Nilimshauri mambo matatu tu, kwa kuwa ushauri mwingi ni mzigo. Aandike kila anachokipeleka na tarehe yake, kwa sababu mtu anayehangaika husahau, na kusahau humfanya ajione hajafanya kitu. Kabla ya kutuma chochote ajibu lile swali la mama wa Mwenge. Na akiona tangazo, awaambie wenzake.

Hilo la tatu aliniuliza kwa nini. Nilimfungulia barua namba 41, nikamsimulia.